Besi Inayotoroka: Historia ya Spika Zisizo na Sanduku

Mwaka 1868 George Gabriel Stokes, mtaalamu wa hisabati wa Cambridge aliyezaliwa Ireland, alilishika fumbo lililokuwa likiwatatiza wanafizikia tangu enzi za John Leslie wa Scotland. Leslie alikuwa amepiga kengele ndani ya chombo chenye hidrojeni, akashangazwa na jinsi sauti ilivyofifia. Wepesi wa gesi ile haukutosha kueleza unyonge ule. Stokes akafuatilia safari ya gesi yenyewe. Ukuta wa kengele unaposukuma, gesi iliyo mbele yake ina njia mbili: inaweza kubanwa, na mbano huo ukasafiri mbali kama sauti, au inaweza kuteleza pembeni ikaenda kujaza upungufu uliotokea upande wa pili. Katika hidrojeni sauti hukimbia karibu mara nne ya kasi yake hewani. Gesi inapata wasaa wa kujisawazisha kabla ya mbano kujengeka, na kengele inabaki ikitikisika huku masikio yakisikia kidogo sana.

Jaribio alilolieleza kuhusu jambo hilo mtu yeyote anaweza kulifanya mezani. Piga uma wa sauti, ule wa chuma wenye meno mawili, kisha ushike hewani: husikika kwa shida. Sasa sogeza ukingo wa karatasi ngumu au bapa la kisu karibu kabisa na jino la uma bila kuligusa, pale kwenye kona ambapo hewa hukatiza kutoka ubavu mmoja kwenda mwingine. Sauti inapanda papo hapo. Karatasi haina nguvu ya kuongeza. Ilichofanya ni kuifungia hewa njia ya mkato. Lord Rayleigh aliyaingiza maelezo hayo katika kitabu chake kikubwa cha nadharia ya sauti kilichotoka mwaka 1877 na 1878, na huko yakakaa karibu nusu karne yakisomwa na wanafunzi wa fizikia, kabla hakijatengenezwa kifaa cha nyumbani ambacho kingeyahitaji.

Kifaa hicho kilitoka Schenectady, mji wa viwanda wa kampuni ya General Electric katika jimbo la New York. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 redio za majumbani zilisikika kwa pembe. Kampuni ya Magnavox, iliyotokana na kazi ya Peter Jensen na Edwin Pridham huko California, ilikuwa imeonyesha tangu mwaka 1915 kwamba koili inayosogea ndani ya sumaku, ikifungwa kwenye koo la pembe, inaweza kuhutubia umati. Lakini pembe ya kutosha juu ya meza ni fupi, na pembe fupi haibebi sauti nene. Ili ibebe noti za chini za kinanda cha kanisani, ingebidi iwe na urefu wa mita kadhaa na mdomo mpana kuliko mlango. Watu walisikia matangazo ya habari vizuri na muziki vibaya.

Chester Rice na Edward Kellogg walipewa kazi ya kutafuta njia nyingine. Walijaribu aina nyingi za vyanzo vya sauti, zikiwemo zile zinazotumia umeme tuli, na mwaka 1925 wakawasilisha mbele ya taasisi ya wahandisi wa umeme wa Marekani ripoti ya spika isiyo na pembe. Walichofikia ni koni ndogo ya karatasi yenye kipenyo cha inchi 6, iliyoshikiliwa kwa ukingo laini kiasi kwamba mvumo wake wa asili, yaani masafa ambayo hupenda kutikisika yenyewe ikiguswa, ulikuwa chini kuliko sehemu kubwa ya muziki. Juu ya mvumo huo uzito wa koni ndio unaotawala: kila masafa yanapopanda, mwendo wa koni unapungua, lakini hewa nayo inazidi kuikubali nguvu yake. Hasara na faida zinafutana, na sauti inatoka sawasawa katika eneo pana sana. Hadi leo spika karibu zote tunazotumia, kuanzia za simu hadi za viwanja vya mpira, ni wajukuu wa koni hiyo.

Hesabu yao ilikuwa na sharti moja: hewa ya mbele isikutane na hewa ya nyuma. Ukiishika koni ya Rice na Kellogg mkononi bila kitu chochote kuizunguka, besi haipo. Wao walilijua hilo vizuri, na walizungumzia ubao wa kuizunguka koni kama sehemu ya spika. Karatasi ya Stokes imerudi, safari hii ikiwa mbao. Spika yao iliingia sokoni chini ya jina la Radiola 104, ikiwa pamoja na amplifaya yake, kwa dola 250, bei ambayo mfanyakazi wa kawaida wa Marekani wakati ule asingeweza kuifikiria bila kukopa.

Inafaa kutua hapa kidogo, kwa sababu yaliyofuata kwa miaka mia yote yanategemea jambo hili. Koni inaposogea mbele, hewa ya mbele inabanwa na ya nyuma inalegea kwa wakati uleule. Spika moja inatoa sauti mbili zinazopingana. Kwenye sauti nyembamba ugomvi si mkubwa: wimbi la hezi 1,000 lina urefu wa sentimita 34 hivi, na koni huwa imeshageuza mwelekeo kabla hewa haijafika ukingoni mwa ubao. Wimbi la hezi 40, karibu na noti ya chini kabisa ya gitaa la besi, lina urefu wa mita 8 na nusu. Hapo hewa ina muda tele wa kuzunguka. Mvuvi anayevuta kafi polepole anaijua hali hiyo, maji yanapozunguka ukingo wa kafi na mtumbwi ukakaa palepale. Akilivuta kwa nguvu na haraka maji yanakataa kupisha, na mtumbwi unaondoka.

Chukua ubao wenye upana wa mita moja, spika ikiwa katikati, kiasi kwamba njia kutoka katikati hadi ukingoni ni nusu mita. Kuanzia karibu hezi 120 kwenda chini, ubao huo unaanza kushindwa. Kila masafa yanapopungua nusu, yaani kwa kila okteva, sauti inashuka desibeli 6. Kwenye hezi 60 umeshapoteza 6, kwenye hezi 30 umepoteza 12. Na ukivuka mvumo wa asili wa koni kwenda chini, mteremko unageuka kuwa jabali: desibeli 18 kwa okteva. Kurudisha desibeli 6 kunataka volti mara mbili, ambayo ni nguvu mara nne. Kurudisha 12 kunataka nguvu mara kumi na sita. Ninavyoiona mimi, historia yote ya spika za ubao wazi ni historia ya watu waliojaribu kulilipa deni hilo kwa fedha za aina tofauti: wengine kwa mbao, wengine kwa sumaku dhaifu, wengine kwa umeme, na wa mwisho kwa ukubwa wa koni na urefu wa mwendo wake. Deni lenyewe halikubadilika hata senti moja.

Malipo ya kwanza yalikuwa ya mbao. Ili ubao ufike hezi 40 bila msaada, lazima uwe na karibu mita 3 kila upande, ingawa sakafu husaidia kidogo kwa kufanya kazi kama nusu ya pili ya ubao. Wapenzi wa muziki wa miaka ya 1930 hadi 1950 walisoma hesabu hiyo na wengine hawakuogopa. Walitoboa ukuta kati ya sebule na chumba cha pili wakaifunga spika kwenye tundu, nyumba nzima ikawa ubao. Kifizikia ilikuwa dawa kamili, maana hewa ya nyuma ilibaki chumba kingine. Kifamilia ilihitaji mazungumzo.

Viwanda vilifuata njia ya mkato. Redio za miaka ya 1930 zilikuwa makabati ya mbao yenye mgongo wazi, spika ikiwa mbele na valvu, zile taa za kioo za kukuza sauti, zikipumua joto kwa nyuma. Msomaji aliyewahi kuigeuza redio ya mbao ya wazee nyumbani ameiona ile kadibodi yenye matundu iliyofunika mgongo. Matundu yale yalipoza valvu, na palepale yaliiacha hewa ya spika ipite. Mbavu za kabati ni ubao uliokunjwa kwenda nyuma, unaoirefusha njia ya hewa bila kuipanua redio. Sumaku za kudumu zenye nguvu zilikuwa ghali, kwa hiyo spika nyingi zilitumia sumaku ya umeme, na waya mrefu wa koili yake ulifanya kazi ya pili ya kulainisha umeme uliokwenda kwenye valvu. Ni usanifu wa watu waliobana matumizi kwa akili kweli kweli.

Redio zile zilikuwa na msaada mwingine wa besi ambao husahaulika, na mimi nauona kuwa sehemu tamu kuliko zote katika historia hii. Mwaka 1926 Bernard Tellegen wa Philips, Eindhoven, alivumbua valvu ya pentodi, iliyotoa nguvu nyingi kwa gharama ndogo. Ndani ya muda si mrefu ikawa valvu ya kutolea sauti katika redio nyingi. Pentodi ina tabia moja. Koni ikitikisika hujizalishia umeme wake ndani ya koili, na amplifaya yenye ukinzani mdogo kwenye mlango wake wa kutolea hugeuza umeme huo kuwa breki. Pentodi ina ukinzani mkubwa, kwa hiyo breki haipo. Koni ikifika kwenye mvumo wake wa asili inaachiwa ivume itakavyo, na pale sauti inainuka. Kwa kuwa mvumo huo uliangukia kwenye eneo lilelile ambako kabati wazi lilikuwa likipoteza besi, mwinuko wa mmoja ulijaza bonde la mwingine. Besi ya redio za zamani, ile nene na ya mviringo ambayo wazee wanaikumbuka kwa mapenzi, sehemu yake kubwa ilitokana na kukosekana kwa breki.

Kisha amplifaya zikaboreka. Harold Black wa Bell Labs alikuwa kwenye feri akivuka mto Hudson kwenda kazini mwaka 1927 alipopata wazo la kuirudisha sehemu ya sauti iliyotoka ili isahihishe iliyoingia, akaliandika palepale kwenye gazeti alilokuwa nalo. Mwaka 1947 D. T. N. Williamson alichapisha katika jarida la Wireless World la Uingereza mchoro wa amplifaya ya nyumbani iliyotumia mrejesho huo kwa ustadi mkubwa. Ilikuwa safi kuliko chochote walichokuwa wamesikia wapenzi wa muziki, na ilikuwa na breki kali. Ukiifunga kwenye spika ya kabati wazi, mvumo ule uliokuwa ukiijaza besi unabanwa, na bonde linabaki tupu. Waliofanya hivyo walisikia besi imekuwa nyembamba. Wengi walilaumu amplifaya, ilhali ilikuwa ikifanya kazi yake. Ilichofanya ni kufichua upungufu wa ubao ambao pentodi ilikuwa imeufunika kwa miaka 20.

Wakati huo sanduku lilikuwa limeshaanza kushinda. Albert Thuras wa Bell Labs alipata hataza mwaka 1932 ya sanduku lenye tundu, ambalo hewa yake ya nyuma hugeuzwa ili isaidie ya mbele. Mwaka 1954 Edgar Villchur, pamoja na Henry Kloss, alianza kutengeneza spika iitwayo AR-1 huko Cambridge, Massachusetts: sanduku dogo lililofungwa kabisa, hewa ya ndani ikiwa ndiyo springi ya koni. Liliweza kukaa kwenye rafu ya vitabu na kutoa besi iliyoyaaibisha makabati makubwa. Miaka minne baadaye santuri za stirio ziliingia madukani, kila nyumba ikahitaji spika mbili badala ya moja, na hoja ya ubao wa mita 3 ikafa kifo cha kawaida. Nani angeweka mbili?

Hata hivyo kulikuwa na watu waliosikia kitu kwenye ubao wazi ambacho sanduku liliwanyima. Sanduku hurudisha sauti ya nyuma ndani, ikagonga kuta zake, ikapita tena kwenye karatasi nyembamba ya koni kwa kuchelewa. Kuta zenyewe huimba. Gilbert Briggs, mwanzilishi wa Wharfedale kule Yorkshire, alikuwa mmoja wao. Huyu ndiye aliyejaza Royal Festival Hall mwaka 1954 kwa maonyesho ya kulinganisha wanamuziki halisi jukwaani na santuri zao. Katikati ya miaka ya 1950 kampuni yake iliuza spika iitwayo SFB/3, ambayo haikuwa na sanduku. Ilikuwa ubao wazi wenye spika tatu, na ubao huo ulikuwa tabaka mbili za plaiwudi zilizoachiwa nafasi katikati, nafasi hiyo ikajazwa mchanga mkavu. Ubao wa kawaida ukiugonga kwa kifundo cha kidole unalia. Huu ukiugonga hautoi kitu, kwa sababu chembe za mchanga zinasuguana na kuila nguvu ya mtetemo. Briggs alijua kwamba besi ya chini kabisa haitafika, akaukubali upungufu huo kwa ajili ya usafi wa iliyobaki.

Mwaka 1957 Peter Walker wa Huntingdon, mwenye kampuni ya Quad, aliufikisha uamuzi huohuo mwisho wake. Spika yake ya umeme tuli, ambayo Williamson yuleyule alishiriki katika kazi yake ya awali, haikuwa na koni wala koili. Ilikuwa utando mwembamba wa plastiki wenye chaji ya maelfu ya volti, uliotandazwa kati ya bamba mbili zenye matundu, ukivutwa na kusukumwa eneo lake lote kwa pamoja. Huwezi kuufungia utando mwepesi kiasi hicho kwenye sanduku bila kuuharibu, kwa hiyo mbele na nyuma zikaachwa wazi, na deni la besi likaja na mzigo wake wote. Walker alilipunguza kwa kuvitumia vipande viwili vikubwa vya pembeni kwa sauti nene, na kwa kuutumia mvumo wa asili wa utando kuinua mahali ambapo sauti ingeanguka. Sauti za watu kupitia spika ile zilikuwa za kweli kiasi kwamba miaka zaidi ya 60 baadaye bado kuna mafundi wanaoishi kwa kuzikarabati. Besi iliishia karibu hezi 45, na kwa sauti ya juu iliishia mapema zaidi, kwa sababu utando ule una nafasi ndogo tu ya kusogea kabla haujafika kwenye bamba.

Upande wa jukwaani mambo yalikwenda kirahisi zaidi. Amplifaya za gitaa za Leo Fender zilikuwa na mgongo wazi kwa sababu noti ya chini ya gitaa ni hezi 82, na ubao wa ukubwa ule unaiweza. Alipoleta gitaa la besi mwaka 1951, ambalo linashuka okteva nzima zaidi, mgongo wazi ukawa mgogoro, na amplifaya yake ya kwanza ya besi ilifunikwa nyuma.

Miaka ya 1960 na 1970 ilileta lugha mpya. Neville Thiele, na baada yake Richard Small, wote wakiwa Australia, waligeuza tabia ya spika kuwa namba chache ambazo fundi anaweza kuzipima mwenyewe. Mojawapo ni ile inayoitwa Q, kipimo cha jinsi mvumo wa asili unavyopata breki. Q ya 0.7 ni spika iliyofungwa breki vizuri. Q ya 1 ina uvimbe mdogo. Katika sanduku, Q ya 3 ni balaa: kwenye mvumo wake sauti inainuka zaidi ya desibeli 9, besi yote inakuwa noti moja.

Bob Carver, mhandisi wa jimbo la Washington, aliitazama balaa hiyo mwishoni mwa miaka ya 1980 akaona dawa. Spika aliyoiita Amazing ilikuwa ubao mrefu na mwembamba wenye utepe wa futi 5 kwa sauti za juu na safu ya spika za inchi 12 kwa besi, nyuma kukiwa wazi kabisa. Spika hizo za besi zilikuwa na sumaku dhaifu kwa makusudi, Q ikiwa kama 3, na mvumo ukiwa chini sana. Mwinuko wake ulikwenda sambamba na mteremko wa ubao, kimoja kikipanda kwa kadiri kingine kinavyoshuka, na mstari ukalala karibu sawa bila saketi yoyote ya kusahihisha. Carver alikuwa amefanya kwa hesabu kile ambacho pentodi ilikuwa ikifanya bila kukusudia kwenye redio za 1935. Watu wengi wakati ule walidhani sumaku kubwa ndiyo dalili ya spika bora. Kuijenga spika ya gharama kwa sumaku ndogo, na kuwa sahihi, kulihitaji moyo.

Wakati huohuo wengine walichagua kulipa kwa umeme. Transista zilikuwa zimeifanya nguvu ya wati 100 kuwa jambo la kawaida, kwa hiyo nguvu mara kumi na sita haikuwa tena ndoto. Celestion ya Uingereza ilitoa spika za besi za ubao wazi zenye kisanduku cha kusahihisha. Gradient ya Finland ilitengeneza besi ya aina hiyohiyo maalumu kwa ajili ya Quad ESL-63, mrithi wa spika ya Walker, kwa sababu utando ulioachwa wazi unachanganyika vizuri zaidi na besi iliyoachwa wazi.

Aliyelishughulikia suala hili kwa undani kuliko wote ni Siegfried Linkwitz. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1935, akahamia California mwaka 1961, akafanya kazi miaka mingi Hewlett-Packard akisanifu vifaa vya kupimia mawimbi ya redio. Spika zilikuwa kazi yake ya jioni. Mwaka 1976 alichapisha njia ya kugawa sauti kati ya spika mbili ambayo hadi leo inabeba jina lake na la mwenzake Russ Riley. Ubao wazi ulimshika baadaye, na mwaka 1992 aliwasilisha San Francisco, mbele ya jumuiya ya wahandisi wa sauti, spika ndogo ya aina hiyo iliyosahihishwa kwa saketi.

Saketi yenyewe ni rahisi ajabu. Weka rezista ya kiloomu 39 kwenye njia ya sauti. Baada yake weka rezista ya kiloomu 13 ikifuatana na kapasita ya nanofaradi 100 kwenda ardhi. Chini ya hezi 31 hivi kapasita haipitishi kitu, na sauti yote inapita. Juu ya hezi 122 kapasita inakuwa kama waya mtupu, na rezista mbili zinaigawa sauti hadi ikabaki robo, yaani desibeli 12 chini. Katikati kuna mteremko ambao ni kinyume cha mteremko wa ule ubao wetu wa mita moja. Saketi hii haikuongeza besi hata chembe. Imepunguza kila kitu kingine, kisha amplifaya ndiyo inayopandisha vyote pamoja. Shehena yote inaangukia amplifaya na koni.

Koni ndiyo inayoteseka zaidi. Katika sanduku lililofungwa, kila ukishuka okteva moja koni lazima isogee mara nne zaidi ili sauti ibaki ileile. Katika ubao wazi ni mara nane. Spika inayosogea nusu milimita kwenye hezi 120 itatakiwa kusogea milimita 4 kwenye hezi 60, na milimita 32 kwenye hezi 30. Spika nyingi nzuri za inchi 10 au 12 haziwezi hata nusu ya hapo. Wenzao ndani ya sanduku wangemaliza kazi ileile kwa milimita 8.

Kwa nini basi Linkwitz aliendelea, miaka 25 zaidi, kupitia spika alizozisanifu kwa ajili ya kampuni ya Audio Artistry, kisha Phoenix, Orion, na mwisho LX521 ya mwaka 2012? Kwa sababu hasara ileile ya hewa inayozunguka ukingo inaleta faida ambayo sanduku haliwezi kuinunua. Pembeni kabisa mwa ubao, pale mbele na nyuma zinapokutana zikiwa sawa, kuna ukimya. Sauti inatoka kama namba 8 iliyolala, na jumla ya nguvu inayomwagwa chumbani ni theluthi moja ya ile ya chanzo kinachotawanya kila upande, kwa kiwango kilekile kwa msikilizaji aliyekaa mbele. Kuta za pembeni zinaguswa kidogo, na ile mivumo ya chumba inayofanya noti moja ya besi ipige kelele na jirani yake ipotee haichochewi sana. Mwaka 1998 aliwasilisha utafiti uliolinganisha besi ya sanduku na ya ubao wazi katika vyumba vidogo. Mtu aliyezoea besi ya sanduku akikaa mbele ya ubao uliosahihishwa vizuri, mara nyingi husema kwanza kwamba besi imepungua, kisha baada ya dakika chache anaanza kusikia noti ambazo hakujua zimo kwenye wimbo.

Milimita alizilipa kwa werevu. Ubao aliukunja kwenda nyuma, kwanza kwa umbo la herufi H au W, na katika LX521 kwa umbo la V, njia ya hewa ikarefuka bila spika kupanuka. Mkunjo huo una gharama yake, kwa kuwa hewa iliyo ndani yake huvuma kama filimbi fupi juu ya hezi 200 au 300, kwa hiyo spika za besi lazima zikatwe mapema. Kwa kila upande alifunga spika mbili za inchi 10, moja ikitazama mbele na moja ikitazama nyuma huku waya zake zikigeuzwa. Zote mbili husukuma hewa upande mmoja, lakini kasoro ya spika ambayo koni yake hutoka kwa urahisi kuliko inavyoingia hufutwa na mwenzake. Michoro ya Phoenix aliiweka hadharani, mtu yeyote mwenye msumeno na subira aijenge. Alifariki mwaka 2018.

Leo ule mteremko wa rezista mbili na kapasita moja huandikwa kwenye kompyuta ndogo inayokaa kabla ya amplifaya, na kuubadilisha ni suala la kubofya. Wepesi huo umewaponza wengi. Mtu anachora mstari ulionyooka hadi hezi 20, kompyuta inamtii, na wimbo wa kwanza wenye ngoma nzito unaisukuma koili ya spika hadi igonge chini ya sumaku. Wajenzi wenye uzoefu hutumia spika za inchi 15 au 18, mbili kwa kila upande wakiweza, ili eneo kubwa lipunguze mwendo, na huacha kusahihisha wanapofika hezi 35 au 40. Chini ya hapo wanakabidhi kazi kwa sanduku moja lililofungwa. Wapo wanaouona uamuzi huo kuwa usaliti. Mimi naukubali kabisa, kwa sababu ya chumba. Katika chumba cha urefu wa mita 5, mvumo wa chini kabisa wa kuta ni karibu hezi 34. Chini ya namba hiyo hakuna tena mvumo wa chumba wa kuukwepa. Sanduku linajaza chumba chote kwa mbano mmoja, kama pampu, na mwendo wa koni unaohitajika unapungua. Ubao wazi unaongeza hewa mbele kwa kiasi kilekile unachoipunguza nyuma, na ndani ya chumba kilichofungwa jumla yake ni sifuri.